Njahi na Mahindi Juu ya Mkeka

Mwanangu Rukia,

Ninaanza kwa jina la Mola aliyekuandikia safari hii kabla mimi sijairidhia, naye ndiye ninayemwomba akufikishe na akurudishe.

Adhuhuri imekwisha kuswaliwa, na watoto wa madrasa nimewapa ruhusa, jambo nisilolifanya siku ya kawaida. Wewe uko Kahawa Wendani kurudisha ufunguo wa chumba na kuagana na wenzako. Mama yako yuko ndani, ameketi juu ya sanduku lako ili lifunge. Habari za koti zito, za chakula kilicho halali na kisicho halali, za kupiga simu ukitua Ujerumani, amezimaliza yeye, na kama amesahau moja atakuamsha alfajiri akuambie. Mimi sina la kuongeza huko. Nimeketi barazani pa madrasa na karatasi hizi, na kuketi kwenyewe kumenishinda. Nimeinuka kufunga dirisha ambalo lilikuwa limefungwa. Nimekwenda langoni kutazama barabara, nikarudi bila kujua nilikwenda kutazama nini. Mtu aliyezoea kukaa kitako tangu swala hadi swala akisikiliza watoto wakisoma, hapaswi kuwa hivi.

Kinachonisumbua unakijua. Ujerumani hainisumbui. Kinachonisumbua ni Ruiru, ambako mtu huenda kutoka hapa Thika na kurudi kabla chai haijapoa.

Ndugu yako Rama yuko huko. Tangu mwaka ulioingia chuo kikuu hajalala nyumba hii, wala mimi sijakanyaga kwake, na katika muda wote huo maneno yetu umeyabeba wewe. Baba hatangulii kumpigia mwanawe simu ya kuomba suluhu. Mwana naye haoni adabu kumkabili babake kwa simu. Kwa hiyo pakawa na Rukia. Ulikuwa ukitoka hapa Jumapili na salamu zangu, ukishuka Ruiru ukizitoa, ukipokea zake, ukienda nazo hosteli, ukirudi nazo kwangu Ijumaa. Watu wa Majengo, mtaa wetu, walikuwa wakikusifu kwa kuniheshimu. Hakuna aliyeuliza unavyochoka. Kesho unaondoka, na mimi leo sijui maneno yangu yatapita wapi.

Nimesema nisikuhubirie, na sitakuhubiria. Nataka tu kukueleza jinsi elimu yako ilivyonikuta mahali ambapo elimu yangu haikunikuta.

Uliponieleza mara ya kwanza unachokisoma, sikuelewa, nikatikisa kichwa kama anayeelewa. Ukasema kwamba ndani ya seli kuna jeni nyingi, na kila jeni ni kama swichi, imewaka au imezimika. Kila moja hutazama jirani zake fulani, na kwa kadiri zile zilivyo, nayo huwaka au huzimika. Basi hali ya seli nzima hubadilika na kubadilika, mpaka ifike mahali isipoweza kutoka: ama itulie kabisa, ama izunguke duara moja daima. Mahali hapo pa mwisho ukapaita makao, kwa ajili yangu, kwa kuwa jina mnalolitumia darasani halikunikaa masikioni. Ukasema seli changa ya damu inayo makao zaidi ya moja: ikiingia huku inakuwa nyekundu, ikiingia kule inakuwa nyeupe. Na kazi yako, ukasema, ni kuyatafuta makao hayo kwa kompyuta, yote, bila kuacha hata moja.

Nilitaka kuonyesha kwamba nimekupata. Nikasema, "Ni kama mvua juu ya mgongo ulio kati ya Chania na mto Thika. Tone likianguka upande huu linakwenda Chania, likianguka upande ule linakwenda Thika."

Ukacheka. "Baba, lakini hiyo mito inakutana tu hapo chini. Kwa hivyo hilo ni bonde moja."

"Basi tafuta mito yako mwenyewe," nikakujibu, na mama yako akacheka kuliko wewe.

Siku nyingine nilikuuliza kama katika swichi hizo kuna nafasi ya Muumba. Ulinitazama kwa heshima, ukasema, "Mimi natafuta pale zinatulia, Baba. Nani aliziweka, hilo ni somo lako." Niliondoka nimeridhika na nimekereka kwa pamoja. Ndivyo mtoto anavyokua, nadhani. Anakupa haki yako, na anakuachia uibebe mwenyewe.

Mwaka wako wa mwisho ulikuja nyumbani una furaha, ukasema umeyapata makao ya seli yako, nayo ni mawili. Nikakuuliza umeyapataje. Ukasema idadi ya hali ni kubwa kupita kiasi, maana kila jeni ukiongeza, hali zote huwa maradufu, na hakuna kompyuta itakayozipitia moja moja. Kwa hiyo ulikuwa ukiiacha kompyuta ianzie popote, bila kuchagua, kisha uifuate mpaka itulie. Kisha uanzie pengine, na pengine tena. Kila ulipoanzia, uliishia kwa nyekundu au kwa nyeupe.

Majuma yaliyofuata ulipiga simu na sauti yako ilikuwa ndogo. Mwalimu wako alikuwa amekuuliza swali moja tu: umejuaje kwamba hakuna ya tatu? Ukaiacha njia ile, ukashika njia nyingine. Sasa hukuitupa kompyuta kama tone la mvua uone litakapoishia. Ulitafuta nyua: swichi chache zinazoshikana zenyewe kwa zenyewe, kiasi kwamba zikishakaa namna fulani, hakuna kitu cha nje kitakachozifungua. Ndani ya ua mmoja mdogo ukayakuta makao ya tatu. Yalikuwapo siku zote, ila bonde lake lilikuwa jembamba mno, na matone yako yalikuwa hayaliangukii.

"Baba," ulisema, "nimekuwa nikisema uongo na sikujua."

Nikakuambia si uongo, ni upungufu. Nilikujibu kama mwalimu. Kisha nilikata simu nikarudi kwa watoto, na sikufikiri kwamba lile swali la mwalimu wako lilipaswa kuulizwa kwangu.

Maana mimi nimefundisha Qur'ani katika baraza hili tangu kabla hujazaliwa, na wavulana wengi wamepita mikononi mwangu. Kwa kuwatazama wengi, nilijua wanakoishia. Mmoja huihifadhi, akabaki karibu na msikiti, akawa mtu wa kushika kitabu. Mwingine huiacha, dunia ikamchukua, ukikutana naye sokoni anainamisha macho. Niliona makao mawili. Sikuwa nimeona ya tatu, nikaamini hakuna. Rama alikuwa amehifadhi. Alikuwa msaidizi wangu, sauti yake katika Tarawehe watu walitoka hata Makongeni kuja kuisikiliza. Alipoacha darasa katikati ya muhula kwenda kufunga dari za jipsamu kwenye nyumba mpya za Ruiru, mimi nilijua tayari ameangukia bonde lipi. Sikumwuliza.

Juma lilelile nilimteua kijana mwingine kukaa mahali pake. Juma lilelile, kama ulivyokuja kunieleza baadaye, yeye alikuwa akipanga kuja kuniomba aendelee kufundisha Jumamosi na Jumapili. Alipofika langoni akamkuta mwenzake ameketi juu ya busati lake. Hakuingia.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, kwa kuwa ulitembea nayo. Mimi moyo ulilainika, nikakutuma umwambie aje. Ulipofika Ruiru, yeye alikuwa bado na uchungu wa lango, akakutuma jibu gumu. Jibu hilo lilipokuwa njiani kuja kwangu, salamu yangu laini ilikuwa imeanza kumfanyia kazi. Akalainika, akaja siku ya Idi na nyama mkononi ya kumpa mama yako. Lakini mimi asubuhi ile nilikuwa nimeshalipokea jibu lake gumu. Nikakaa msikitini mpaka nikaambiwa ameondoka. Ndipo nikasikia kwamba alikuja na nyama, nikajuta, nikakutuma tena. Naye wakati huo alikuwa ameshaondoka akijua nimempa mgongo.

Ndivyo tulivyokwenda mwaka baada ya mwaka. Nikiwa laini, ananikuta mgumu. Akiwa laini, namkuta mgumu. Nilidhani ni majaliwa. Mama yako alidhani ni kijicho cha watu.

Wewe ulidhani nini, ulinionyesha Jumapili ile mama yako alipokuwa akichambua njahi, yale maharagwe meusi, pamoja na mahindi kwenye mkeka. Nataka kuiandika vizuri, kwa sababu siku ile sikuitendea haki.

Ulichukua punje nyeupe ya mahindi ukaiweka mbele yangu. "Baba, hii ni wewe." Kisha ukaweka njahi moja nyeusi upande wa pili. "Na hii ni Rama. Mahindi ni kulainika, njahi ni kununa."

"Kwa nini mimi niwe mahindi?"

"Leo umeamka vizuri."

Mama yako akasema, "Harakisha, Rukia, kabla hajageuka."

"Sheria ni moja tu," ukaendelea. "Kila mtu kesho anakuwa vile mwenzake ako leo. Na mnasonga pamoja." Ukabadilisha: mimi nikawa njahi, Rama akawa mahindi. Ukabadilisha tena: mimi mahindi, yeye njahi. Tena. Vidole vyako vilikuwa vyepesi.

"Mpaka lini?" nikauliza.

"Haiishi. Hayo ndiyo makao yenu. Mnazunguka tu."

"Itaisha," mama yako akasema, "hizo njahi ni za kupikwa."

Ukazirudisha punje mbili mwanzoni, mahindi kwangu, njahi kwa Rama. "Sasa skiza. Sheria ni ileile, lakini hamsongi pamoja. Mmoja anasonga, mwingine ametulia. Tuanze na Rama." Rama akanitazama, akaniona mahindi, akawa mahindi. Punje mbili nyeupe zikakaa juu ya mkeka. "Mmetulia," ukasema. "Kila mmoja akimwangalia mwenzake, hana cha kubadilisha. Ule mzunguko haukuwa wa sheria. Ulikuwa wa kusonga pamoja."

Nikafurahi kama mtoto. Ukainua kidole. "Ngoja. Tuanze na wewe sasa." Mimi, punje nyeupe, nikamtazama Rama, nikamwona njahi, nikawa njahi. Punje mbili nyeusi. "Na hapa pia mmetulia, Baba. Hapa hamtoki."

Nilizitazama zile njahi mbili. Nikasema, "Kwa hiyo aliye laini asisonge kwanza."

"Asisonge kabisa. Akae hivyo hivyo mpaka yule mwingine amwone."

Kisha ukaniogopa, nadhani uso wangu ulibadilika, ukaongeza haraka, "Lakini ni mfano tu. Watu si njahi."

Na mimi nilikujibu nini? "Umemaliza kutufanya nafaka?" Nikainuka, nikaenda msikitini wakati adhana bado iko mbali. Ulinionyesha mlango, nami nikalalamika kuhusu rangi yake.

Tangu siku hiyo sijatulia. Nilijaribu kuwa mahindi na kukaa mahindi. Nilikutuma na salamu njema, na jibu gumu liliporudi sikukasirika. Nikakutuma tena na salamu njema. Nilijiona nimeshinda. Lakini jibu likazidi kuwa gumu, na hukutaka kunieleza kwa nini, mpaka nilipokulazimisha. Ukasema, "Rama anasema, Baba anatuma maneno matamu kwa sababu maneno hayamgharimu."

Nimelifikiria neno hilo leo tangu alfajiri. Mkekani Rama aliniona. Katika maisha haoni kitu. Anasikia sauti yako ikisema maneno yangu. Nimekuwa laini chumbani mwangu, mahali ambapo hakuna wa kunitazama. Ukiondoka kesho, hata hiyo sauti itakwisha, na sijui kati ya punje mbili nyeupe na mbili nyeusi tutaangukia zipi. Hapana. Ninajua. Tukiachwa hivi tulivyo, ninajua.

Mama yako ametoka sasa hivi kuuliza ninaandika nini kirefu namna hii. Nimemwambia ninakuandikia wewe. Akasema, "Mtoto anarudi jioni, si umwambie kwa mdomo?" Ananitazama viatu.

Naam, nimevaa viatu. Sikumbuki nilivivaa saa ngapi. Barua hii nitaimalizia huko niendako.

*

Mwanangu, ninaendelea nikiwa Ruiru, kwenye meza ya Rama.

Nilipobisha, mkewe Salma alifungua, akamwona baba mkwe asiyepata kumwona mlangoni pake, akasahau hata kunikaribisha. Alivuta mtandio, akasema, "Baba, Rama hayuko, ako kazini Theta," kisha akanipa maji, akaniitia bodaboda, akamwagiza yule kijana anibebe kama mayai. Theta nilikuwa nikiijua kwa mashamba. Sasa kila shamba lina nyumba inayopanda. Nilishushwa mbele ya ghorofa isiyo na milango.

Kabla sijamwona, nilimsikia. Nilikuwa bado chini kwenye ngazi ya saruji, na kutoka juu ilikuja sauti ya mtu anayesoma Qur'ani polepole, bila kutazama, kama mtu anayejisomea akipima kitu. Alikosea mahali, akarudi nyuma ya aya, akairekebisha mwenyewe, akaendelea. Nilisimama pale ngazini. Rukia, alikuwa akifanya muraja'a. Miaka yote hii, juu ya majukwaa ya mbao, katika vumbi, ndugu yako amekuwa akiipitia Qur'ani yake. Na mimi nilikuwa nimemhesabu miongoni mwa waliotupa. Makao ya tatu yalikuwapo. Matone yangu ndiyo yaliyokuwa hayaliangukii bonde lile.

Nilipanda. Alikuwa juu ya jukwaa, mikono yote miwili imeinuliwa, ameishikilia bodi ya dari, na mwenzake aitwaye Kamau, mtu wa makamo, alikuwa upande wa pili na mashine ya kukaza skrubu.

"We mzee, usipite hapo chini!" Kamau akapaza sauti. "Hiyo itakuangukia."

Rama akatazama. Usomaji ukakatika. "Baba?" Hakuweza kushusha mikono. "Nani amekufa?"

"Hajafa mtu."

"Rukia?"

"Mzima. Anasafiri kesho."

"Mama amekutuma?"

"Sikutumwa."

Akaigeukia dari yake. Akasema, bila kunitazama, "Sasa umekuja kuona vile mtu hupoteza elimu yake kwa dari za watu."

Yale yalikuwa maneno yangu mwenyewe. Nilikutuma nayo mwaka fulani, na kumbe uliyafikisha kama nilivyokupa. Jibu lilinijia mdomoni tayari, jibu la baba, lenye adabu na lenye makali, na miguu yangu ilikuwa imeshaanza kuelekea ngazini. Nakuapia niliuona mkeka. Nilimwona njahi mbele yangu, na nilijijua nikibadilika rangi.

Kamau hakuwa na subira na wanaosimama. "Mzee, kama umesimama, simama na kazi. Shika hiyo mti hapo, sukuma juu hivi, na usisonge."

"Kamau, huyo ni baba yangu," Rama akasema. "Ni maalim."

"Ata maalim ako na mikono."

Nikaushika. Ni mti mrefu wenye ubao kichwani, ambao husukumwa chini ya bodi isishuke mpaka ifungwe. Nikausukuma, uzito ukanishukia mabegani. "Poa, mzee," Kamau akasema. "Usiachilie. Ukisonga, bodi inakuja na sisi."

Basi nikawa sina pa kwenda. Sikuweza kuondoka, na kwa vumbi lililokuwa likiniingia mdomoni sikuweza kujibu. Rama alishusha mikono, akapokea mashine. Ilikuwa ikilia, wakifunga skrubu moja, wakisogea, wakifunga nyingine. Na kila alipomaliza moja, Rama alitazama chini. Mwanzoni alitazama kama fundi, kuona kama mti umenyooka. Baadaye akawa anatazama kuona kama bado nipo. Nilikuwapo. Baadaye tena akawa ananitazama mimi.

"Mikono yako inatetemeka," akasema.

"Inatetemeka tangu mwaka jana."

"Rukia hakuniambia."

"Hilo sikumpa alibebe."

Akashika mashine bila kuiwasha. Kamau akamtazama yeye, akanitazama mimi, akajifanya anatafuta skrubu mfukoni. Kisha Rama akafunga ya mwisho, akaigonga bodi kwa ngumi.

"Achilia, Baba."

"Una hakika?"

"Imeshika. Si mimi ndiye nimeifunga?"

Akashuka. Nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa unga wa jipsamu, na zangu pia, nikagundua, alipoinua mkono kunipangusa na kisha akaurudisha bila kunigusa. Hatukukumbatiana, usimwambie mama yako kwamba tulikumbatiana. Alinipa maji ya chupa yake. Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilitaka kumwambia mambo mengi, na nilichosema ni kwamba pale alipokosea, aya ile huwachanganya wengi kwa sababu ina mfano wake katika sura nyingine.

"Najua," akasema. "Hapo ndipo wewe mwenyewe hukosea."

Kamau akacheka mpaka akakaa. Nami nikacheka. Ni kweli, ndipo ninapokosea.

*

Sasa nikuambie machache kabla sijafunga, kwa maana Salma anataka meza yake aandae chakula.

Ninakuvua ule mzigo. Ukifika huko, usipokee salamu yangu umpelekee Rama kwa simu, wala yake uniletee. Nikikuomba kwa mazoea, nikatae. Baba amezoea, na mazoea ni ua wenye swichi zinazoshikana. Wewe ukituma salamu, ziwe zako.

Utakutana na watu ambao utagombana nao: mwalimu, mwenzako wa chumba, labda mume, Mungu akijalia. Nami sitakuambia uwe mpole daima, kwa kuwa sikuwa hivyo. Nakuambia lile uliloniambia wewe. Usimjibu mtu kwa hali aliyokuwa nayo jana, maana pengine ameshaondoka hapo. Na ukiwa ndiye uliye laini, nenda mahali atakapokuona, ukae hapo, hata kama mikono inatetemeka, mpaka akutazame.

Usinifikirie mwenye matumaini mengi mno. Mwanafunzi wako nimejifunza kitu kimoja kizuri: kwamba kufuata jambo mpaka likatulia si ushahidi kwamba limefika makaoni. Pengine limepumzika tu. Kwa hiyo sikuandikii kwamba mimi na Rama tumekwisha kupatana. Bado hatujazungumza habari ya busati, wala ya Idi ile. Moyo wangu bado unatembea huku na huku, kama ulivyotembea tangu asubuhi. Ila sasa unatembea ndani ya nyumba yake. Usiku huu tunakuja pamoja Thika katika gari lake la kubebea bodi, na kesho yeye ndiye atakayekupeleka uwanja wa ndege. Utakapoisoma barua hii uko angani, utakuwa umeshamwona jikoni akionja sufuria ya mama yako. Mimi nitakuwa nimekaa kimya pembeni, nawe utadhani nimenuna. Sikununa. Nilikuwa nimekaa nisisonge.

Nimalizie kwa jambo la mwisho lililotokea hapa, kisha nikukabidhi kwa Yule asiyesafiri wala asiyeachwa nyuma.

Adhana ya Magharibi ilipoingia, Rama alitandika miswala miwili sebuleni, mmoja mbele, wa pili kuliani kwake, nyuma kidogo. Akasimama kando ya ule wa mbele, akaniashiria. "Karibu, Baba. Tangulia."

Nikasema, "Wewe."

"Baba, siwezi kukuswalisha wewe."

"Utaniswalisha."

Akasita, kisha akasimama mbele. Nikasimama kuliani kwa mwanangu, nyuma yake kidogo. Unajua ninavyowafundisha watoto, nawe nilikufundisha ukiwa na meno ya utotoni: anayemfuata imamu hamtangulii, wala haendi naye kwa pamoja katika harakati. Humngoja atulie katika kitendo, ndipo naye afuate. Nimeisema kanuni hiyo maelfu ya asubuhi, na nimewagonga magoti wavulana walioinama upesi. Sikupata kujua kwamba ilikuwa inanihusu nje ya swala.

Akasoma. Sauti ni ileile, ila imeingia vumbi kidogo, na imekuwa nzuri zaidi. Alipofika katika rukuu akainama. Mwili wangu, kwa haraka ya miaka yote, ukataka kuinama naye. Nikauzuia. Nikangoja mpaka mgongo wake umetulia kabisa, ndipo nikainama.

Baba yako,
nikiwa Ruiru.